Uliza Fundi: Mtambo wa Kukaushia Kinyesi cha Kuku, na Barua Nyingine za Kusini

Barua za mwezi huu zote zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinahusu kinyesi cha mifugo na mashine zake. Nimezijibu pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa mwenzake. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana ina fedha za watu wengi ndani yake, na fedha hizo bado hazijatoka mfukoni.

Shikamoo mama fundi. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Mikindani. Tunafuga kuku wa mayai 3,000. Kinyesi kinatushinda: majirani wanalalamika harufu, nzi wamejaa, na mkulima akija kununua anatupa bei ya chini kwa kuwa kimelowa na kinavuja kwenye viroba. Kuna mfanyabiashara ametuonyesha picha za mtambo wa kutoka China, pipa refu la chuma linalozunguka, lenye tanuri. Anasema unakausha tani moja kwa saa. Anataka nusu ya fedha kwanza, nasi tunafikiria kuomba mkopo wa halmashauri. Tununue? — Mwenyekiti, Mikindani

Marahaba, mama mwenyekiti. Wasalimie wenzako wote. Hiyo nusu msiitoe. Nitaeleza kwa hesabu, ili mkikaa kikao muwe na la kusema hata kama muuzaji yupo.

Kuku mmoja wa mayai hutoa gramu 100 hadi 120 za kinyesi kibichi kwa siku. Kuku wenu 3,000 wanatoa kilo 300 hadi 360. Tani moja inatimia siku ya tatu au ya nne. Kwa hiyo mtambo wa tani moja kwa saa utafanya kazi saa moja, kisha utalala siku tatu. Na hapo sijahesabu muda wa kuwasha tanuri mpaka pipa zima lishike moto. Kuni nyingi zitaishia kupasha chuma.

Halafu muulizeni: tani moja ya nini? Ya kinyesi kibichi kinachoingia, au ya mbolea kavu inayotoka? Tofauti yake ni kubwa mno. Kinyesi kibichi cha kuku wa mayai ni maji asilimia 70 hadi 80. Mbolea ya kukaa kwenye kiroba bila kuota ukungu inatakiwa isizidi asilimia 15 hivi. Tuchukue kinyesi chenu kina maji asilimia 75. Ili mpate tani moja ya mbolea kavu, mtaingiza kilo 3,400, na kilo 2,400 zitapaa kuwa mvuke. Muuzaji anayeijua kazi yake atawatajia uwezo wa mtambo kwa kilo za maji unazotoa kwa saa, na atasema kinyesi kiingie na unyevu gani na kitoke na unyevu gani. Akishindwa kutaja namba hizo tatu, achaneni naye.

Sasa moto wenyewe. Kikaushio cha pipa kilichotunzwa vizuri hula megajuli (kipimo cha nishati ya joto) 3 hadi 5 kwa kila kilo ya maji. Mimi hupiga hesabu kwa 4. Kilo 2,400 za maji ni megajuli 9,600. Kuni kavu hutoa kama megajuli 15 kwa kilo, kwa hiyo tani moja ya mbolea itawala kilo 640 za kuni. Sasa chukueni kinyesi hichohicho, lakini kiwe kimeshapungua maji hadi asilimia 40 kabla ya kuona moto. Kwa tani ileile moja mtaingiza kilo 1,417 tu, maji ya kutoa ni kilo 417, na kuni ni kilo 111. Karibu mara sita chini. Mtambo ni uleule na mbolea ni ileile. Ndiyo maana nawaomba, kabla ya kuzungumza habari ya mashine, tuzungumze habari ya maji.

Na maji hayo mengine si ya kuku. Nendeni bandani alfajiri kabla ya taa, mpapase chini ya mabomba ya kunyweshea. Chuchu moja inayodondosha usiku kucha inalowesha kinyesi cha safu nzima. Badilisheni mipira yake, pimeni urefu wa bomba ili kuku anyooshe shingo kunywa, asichezee maji. Kisha angalieni chakula. Mkichanganya wenyewe kwa dagaa wa chumvi, onjeni hao dagaa. Chumvi ikizidi, kuku anakunywa kupita kiasi na kinyesi kinatoka majimaji. Nimeona banda lililobadilika ndani ya wiki kwa kubadili dagaa peke yake.

Nisingependa mdhani naudharau mtambo wa pipa. Ni mashine nzuri mahali pake, na mimi nimeishi nazo na ndugu zake tangu nikiwa msichana kwenye karakana ya kiwanda cha korosho. Pipa limelazwa kwa mwinamo mdogo, linazunguka polepole juu ya rola, ndani yake limechomelewa mapezi ya bati nene. Mapezi hunyanyua kinyesi hadi juu, kisha hukiachia kinyeshe katikati ya hewa ya moto inayovutwa na feni. Hewa inayoingia inaweza kufika nyuzi 400 au zaidi, lakini kinyesi chenyewe hakiungui maana maji yanayopaa yanakipoza. Mwisho wa pipa kuna saikloni ya kukamata vumbi. Mashamba yenye kuku laki na kuendelea, yanayozalisha tani kumi na zaidi kila siku iendayo kwa Mungu, hayana njia nyingine ya haraka.

Taabu yake ni hii. Kinyesi cha kuku kikiwa katikati ya ubichi na ukavu hugeuka gundi. Niliwahi kuitwa kwenye shamba moja, si la mikoa yetu, pipa lao limepoteza nguvu. Tulipofungua mlango wa nyuma niliingiza taa nikaona ndani hakuna mapezi. Yamefunikwa yote. Kinyesi kilikuwa kimejenga ukuta mweusi mgumu wa unene wa kiganja kuzunguka pipa zima, na katikati limebaki tundu ambalo hewa ya moto inapita moja kwa moja kwenda kwenye bomba la moshi bila kukausha kitu. Vijana walikuwa wanaubomoa kwa patasi na nyundo, wamejifunga vitambaa puani, macho yanatoka machozi kwa amonia. Dawa yake inajulikana: kinyesi kibichi hakiingizwi peke yake. Unakichanganya kwanza na kile ulichokwisha kukausha, kilo kwa kilo. Cha asilimia 75 na cha asilimia 15 vikichanganywa sawa vinakupa asilimia 45, na hapo hakinati tena. Lakini maana yake nusu ya kazi ya mtambo inakwenda kurudisha mbolea ndani. Muuzaji wenu aliwaambia hilo?

Jambo la pili ni umeme. Pipa la moto halisimamishwi likiwa na mzigo. Likisimama, chuma kinalegea upande mmoja na pipa linapinda, na pipa lililopinda linakula rola na meno ya gia mpaka mwisho wake. Kwa hiyo umeme ukikatika lazima pawe na jenereta au mkono wa kulizungushia. Kwa umeme wetu wa kusini, jenereta hiyo iandikeni kwenye bei ya mtambo tangu mwanzo, pamoja na gharama ya kuvutiwa umeme wa njia tatu.

Ninachowashauri ni banda la kukaushia. Sakafu ya saruji, nguzo, paa la nailoni nzito inayopitisha mwanga, pembeni wazi. Kinyesi cha siku moja kikitandazwa unene wa sentimita 3 kinachukua mita za mraba 12 hivi. Kikikaa siku saba, mnahitaji mita za mraba 84, yaani banda la mita 7 kwa 12, mwongeze njia ya kupita na toroli. Kigeuzeni kwa reki mara mbili au tatu kwa siku, hasa siku mbili za kwanza kabla hakijafanya gamba juu. Ubavu mrefu wa banda uelekeeni upepo wa kusi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mna jua na upepo ambao mtu wa nyanda za juu angeulipia, na ndiyo miezi kabla mkulima hajaanza kutafuta mbolea ya mvua za Novemba na Desemba. Mnada wa korosho nao unaanza Oktoba. Mtakuwa na mbolea kavu ghalani wakati mkulima ana fedha mkononi. Mimi ningepanga biashara yote kwa kalenda hiyo.

Masika jua likipotea, msikaushe. Ozesheni. Changanyeni kinyesi na maranda, pumba za mpunga au majani makavu ya korosho, mrundike chini ya paa. Rundo likiwa limechanganywa vizuri linapanda lenyewe hadi nyuzi 55 na kuvuka 60, na joto hilo likikaa siku kadhaa huku mkigeuza ili pembeni paingie katikati, ndilo linaloua vimelea na mayai ya nzi. Chomekeni nondo hadi kiini cha rundo, ichomoeni baada ya dakika chache: ikiwa hamwezi kuishika, rundo linafanya kazi. Baadhi ya naitrojeni itapotea kwa njia hii, sikatai. Lakini kinyesi kilichokauka juani tu bado kinaweza kubeba vijidudu, kwa hiyo cha kuuzia wakulima wa mchicha na nyanya kiwe kile kilichopitia rundo. Na kuku wakipatwa na kideri, kinyesi cha banda hilo kisitoke shambani kabisa kabla ya kuoza.

Mkitimiza mwaka kwa mtindo huu na soko likawazidi, hapo mashine itakuwa na haki. Itakuwa ndogo, ya trei au ya sakafu ya matundu yenye feni na tanuri, ya kumalizia asilimia 40 kwenda 15. Mafundi wa kuchomelea wa hapahapa wanaiweza. Piteni na mchoro ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Najua mtawaza maganda ya korosho kwa kuni, kwa kuwa yapo na yanawaka vikali. Sawa, ila mafuta yake yanatoa moshi unaochoma ngozi na macho, tena unanata. Moshi wa maganda usiguse mbolea wala mtu. Tanuri liwe na mabomba ya kupasha hewa safi, moshi upite kwenye bomba lake hadi juu ya paa.

La mwisho kwenu: mbolea ya kuuza kwenye mfuko wenye jina lenu inahitaji usajili wa TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Anzeni kuulizia mapema, kabla hamjachapisha mifuko.

Mama fundi, shikamoo. Nina mashine ndogo ya pelleti (punje za mbolea iliyoshindiliwa), ya sahani bapa yenye matundu, mota kilowati 7.5. Nanunua samadi ya mbuzi na kinyesi cha kuku vijijini, nasaga, natengeneza pelleti za mbolea. Sahani imelika, matundu yamepanuka, rola zimekwisha. Nimefunga sahani mpya na naona inaelekea hukohuko. Nimeuziwa chuma kibovu? — Kijana wa Masasi

Marahaba, mwanangu. Huenda chuma si kigumu sana, lakini mwizi wako wa kwanza ni mchanga. Samadi ya vijijini inazolewa kwa koleo kutoka zizi la ardhi tupu, na ardhi yetu ya kusini kwa sehemu kubwa ni kichanga. Kila koleo linakuja na ardhi yake. Umenunua samadi kwa uzito, ukalipia mchanga, kisha umeutumia mchanga huo kusugulia sahani yako.

Jaribu leo. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia kikombe cha samadi iliyosagwa, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie. Majani na nyuzi zitaelea au kukaa katikati. Chini kabisa utaona tabaka jeupe au jekundu lenye mstari wazi. Likiwa unene wa kidole, samadi hiyo usiiingize kwenye mashine kabisa. Iuze kwa lori hivyohivyo. Nenda na chupa hiyo kwa wanaokuuzia, wapimie mbele yao, na uwape bei mbili: ya samadi safi na ya samadi ya mchanga. Nakuhakikishia watatandika mabanzi au kumwaga saruji kwenye mazizi kabla ya serikali kuwaambia.

Kwako wewe, weka chekecheke kabla ya kusaga na baada ya kusaga, na sumaku kwenye mdomo wa mashine kwa ajili ya misumari na vipande vya waya. Unyevu uwe asilimia 12 hadi 15. Ikikauka zaidi pelleti zinapasuka na sahani inapata moto bure. Ikilowa zaidi zinatoka kama uji. Rola ziguse sahani kidogo tu. Ukiizungusha kwa mkono mashine ikiwa tupu, zizunguke bila kukwaruza. Na kabla ya kuzima jioni pitisha pumba iliyolowekwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, matundu yalale na pumba hiyo. Asubuhi pumba itatoka yenyewe. Ukiyaacha na samadi ndani, usiku yanaganda na kutu, nawe asubuhi unatoboa kwa msumari na kuharibu matundu kwa mkono wako.

Kuhusu kununua sahani nyingine: peleka ya zamani kwa mtu mwenye mashine ya kuchonga vyuma, aipime ugumu na aone kama inaweza kugeuzwa. Baadhi ya sahani bapa zina pande mbili za kutumika.

Kuna mashine nimeona ya skrubu, inakamua samadi ya ng'ombe, maji huku, makapi huku. Nina ng'ombe 60 wa asili. Inanifaa? — Mfugaji, Nachingwea

Haikufai, baba, na fedha yako ibaki ndani. Mashine hiyo inakamua samadi ya uji, kama tunavyokamua tui la nazi: skrubu inasukuma, chujio linaachia maji, makapi yanatoka mbele. Imetengenezwa kwa mabanda ya ng'ombe wa maziwa yanayooshwa kwa maji kila siku, ambako samadi inatiririka ikiwa na maji asilimia 90 na zaidi. Hata hapo makapi yanayotoka bado yana maji kama asilimia 70, yanahitaji kuoza au kukauka.

Ng'ombe wako wanalala zizini, na kiangazi cha Nachingwea kinakausha samadi bila kukuomba ruhusa. Ukiilowesha ili uikamue utakuwa umeharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Unachohitaji ni mashine ya nyundo ya kusagia, ileile ya kusaga mabua, yenye chekecheke la matundu makubwa, na kibanda cha kuihifadhi isinyeshewe. Ichote Septemba, kabla ya mvua. Habari ya mchanga niliyomweleza kijana wa Masasi inakuhusu na wewe.

Mtwara ndiyo ya gesi. Visima vya Mnazi Bay vipo kwetu, mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba upo kwetu. Kwa nini tuhangaike na kuni? Nikifunga bana (kichomeo) ya gesi kwenye kikaushio si nitamaliza? — Mkazi wa Chikongola

Swali zuri, na siku moja jibu litakuwa ndiyo. Gesi asilia ni moto bora kuliko wote kwa kukaushia: haina majivu, haina masizi, unaipunguza na kuiongeza kwa kizibo kimoja, na joto linakaa palepale unapoliweka. Kiwanda kilichounganishwa na bomba kinaweza kukaushia nayo vizuri kabisa. Uliza TPDC, shirika la petroli la taifa, kama bomba linapita karibu na eneo lako na masharti ya kuunganishwa ni yapi. Kama halipiti, hesabu inabadilika.

Maana gesi ya mitungi ni kitu kingine. Inaagizwa kutoka nje, haitoki Mnazi Bay, na inapakuliwa melini kama petroli. Kilo moja ina megajuli kama 46. Kwa mfano wa akina mama wa Mikindani, kukausha kinyesi kibichi hadi tani moja ya mbolea kungekula kilo 209, yaani mitungi 14 ya kilo 15. Zidisha kwa bei ya mtungi mtaani kwako, kisha linganisha na bei unayoweza kuuzia tani ya mbolea ya kuku. Hata ukianza na kinyesi cha asilimia 40 bado ni mitungi miwili na nusu kwa tani. Bana ya gesi ya bomba na ya mtungi pia hazibadilishani bila kubadili pua na mgandamizo, kwa hiyo usinunue bana kabla hujajua gesi yako itatoka wapi.

Tunaendesha machinjio madogo, ng'ombe wanane hadi kumi kwa siku. Damu inamwagwa shimoni, taka za tumboni zinarundikana nyuma, mbwa na kunguru hawatoki. Tumeambiwa kuna mitambo ya kupika mifupa na damu ikawa unga. Tuanzie wapi? — Msimamizi, Lindi

Nimefurahi umeandika, kwa sababu damu inayomwagwa shimoni ni mali na ni hatari kwa wakati mmoja. Harufu yake hata jirani mvumilivu haivumilii, na shimo hilo likiwa karibu na kisima, watu wanakunywa machinjio yenu.

Mtambo uliotajiwa ni pipa la kupikia lenye kuta mbili, mvuke unapita kati ya kuta, na ndani kuna mapanga yanayokoroga. Kwa mifupa na mabaki ya nyama, kiwango kinachotumika Ulaya ni nyuzi 133 kwa mgandamizo wa ba 3 kwa dakika 20. Hiyo inataka boila, na boila inataka fundi mwenye cheti, ukaguzi wa OSHA (wakala wa usalama mahali pa kazi), maji yaliyotibiwa na kuni za kila siku. Kwa ng'ombe kumi sioni jinsi mtakavyoilisha. Halmashauri kadhaa zikikubaliana kupeleka mabaki mahali pamoja, hapo ndipo mtambo huo una maana, na hilo mnaweza kulifikisha kwa mkurugenzi wenu.

Damu lakini mnaweza kuianza mwezi huu. Ng'ombe mmoja mnamkinga lita 10 hivi, kwa hiyo mna lita 80 hadi 100 kwa siku. Ikingeni kwenye ndoo safi, isiguse sakafu. Ichemsheni siku ileile kwenye pipa la chuma lililokatwa, moto wa wastani, mkoroge kwa mti mpana maana inashika chini upesi. Ikikaribia nyuzi 90 inageuka yote kuwa mabonge ya rangi ya udongo wa kahawia. Iacheni ichemke dakika 15 na zaidi, mwageni maji yake kwenye rundo la kuozesha, mkandamize mabonge kwenye gunia chini ya jiwe, kisha myavunjevunje na kuyaanika tabaka jembamba juu ya wavu, chini ya paa la nailoni, mbali na nzi. Damu ni maji asilimia 80, kwa hiyo lita 100 zitawapa kama kilo 20 za unga. Ni mbolea kali: naitrojeni yake ni asilimia 12 hadi 13, mkulima wa mboga anahitaji kiganja tu kwa tuta. Iuzeni kama mbolea. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wasilishwe unga huo.

Taka za tumboni ni majani yaliyokwisha kulowa na kuanza kuoza. Hazihitaji mashine. Rundikeni na maranda au mabua kwenye sakafu yenye mfereji, mgeuze, mpime kwa nondo kama nilivyowaeleza wa Mikindani. Zungusheni wavu wa mbwa. Na kabla ya kujenga chochote mwiteni ofisa mazingira na daktari wa mifugo wa halmashauri waje waone eneo, kisima kiko wapi na maji ya mvua yanaelekea wapi.

Jirani yangu anakausha kinyesi cha kuku wa nyama pamoja na maranda yake, anachanganya na pumba, analisha ng'ombe. Wananenepa kweli. Nifanye na mimi? — Newala

Hapana, tafadhali. Kunenepa nakuamini, kwa sababu tumbo la ng'ombe linaweza kugeuza naitrojeni ya kinyesi cha kuku kuwa protini, na ndiyo maana jambo hili limefanyika nchi nyingi. Ulaya wamelipiga marufuku. Ndani ya maranda yale hukosi kifaranga aliyekufa akafunikwa, na mzoga huo huzalisha sumu inayolegeza misuli ya ng'ombe mpaka anashindwa kusimama na kupumua. Kukausha juani hakuiondoi kwa uhakika. Zimo dawa walizopewa kuku, zimo waya na misumari. Kama una kondoo pia, shaba iliyomo kwenye chakula cha kuku inabaki kwenye kinyesi, na kondoo hawana uwezo wa kuihimili. Mwambie na jirani, kwa upole, maziwa yake yanaweza kuwa yanakunywewa na wanao.

Maranda hayo peleka shambani baada ya kuyaozesha. Kwa protini ya ng'ombe, Newala mna mbaazi: maganda na majani yake baada ya kupura yanatupwa au kuchomwa kila msimu. Yakusanye yakiwa makavu, yafunge, yaweke juu ya dari. Na ulizia mashudu ya ufuta kwa wanaokamua mafuta, uwape ng'ombe kidogo pamoja na mabua ya mahindi.